Karani wa Mizani, Rupa

Lori la kwanza hufika jua halijagusa Mlima Moroto.
Dereva hashuki. Ananyoosha karatasi dirishani,
nami naandika: marumaru, tani thelathini na mbili
nukta nne. Hiyo nukta nne
ingetosha kujenga jiko la mama yangu,
lakini kitabuni ni nukta tu.

Mwaka wa sita naandika.
Upande wa machimbo mlima umebaki kama ufizi
uliong'olewa jino.
Tororo wanasaga, Kampala wanatandika sakafu,
sisi vumbi.
Mbuzi wa Longole wote wamekuwa weupe;
hawatambui tena kwa rangi, huwaita mmoja mmoja.

Jana redio ilisema uchumi umekua,
asilimia sita na kitu.
Nilifurahi, sitasema uongo.
Mkono wangu ulikuwemo ndani ya ile sita.
Nikamwambia Nakut, aliyekuwa akiponda kokoto
kwa nyundo ya kuazima:
"Umesikia? Tumekua."
Hakuinua kichwa. "Kapimwa nani?"

Yeye kila Jumatano hupeleka mtoto zahanati.
Humzungushia utepe mkononi:
kijani, njano, nyekundu.
Mwanawe ana miaka miwili
na utepe umeganda kwenye njano tangu mvua zilizopita.

Sisemi mawe yasichimbwe.
Viatu hivi vimetoka kwenye mawe,
na ada ya Achia, na sukari.
Nasema tu: sheria imetaja fungu la wilaya,
fungu la tarafa, fungu la mwenye ardhi;
nami niliyeandika tani zote na nukta zake
sijawahi kuandika fungu likirudi.
Lami imefika, ndiyo.
Inateremka vizuri sana.

Leo lori la saa kumi lilipoondoka
nilimwita Nakut amsimamishe mwanawe jukwaani,
pale katikati, penye alama za matairi.
Mtoto alicheka, chuma kilikuwa na joto.
Namba nyekundu hazikutikisika:
sufuri nukta sufuri.

Nikaandika hivyo hivyo, kwa wino,
baina ya malori mawili.
Mzigo: mtoto. Uzito: sufuri nukta sufuri.
Safu ya "Anakokwenda" nimeiacha wazi.
Mwisho wa mwezi kitabu kitapelekwa Kampala,
na mtu wa huko, akipiga hesabu,
atauliza kosa hili ni la nani.