Safu ya Pili

Duka la baba liko Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani,
kati ya fundi cherehani na muuza mkaa.
Anauza spoki, gololi, minyororo, mpira wa breki,
na hapendi neno "hakuna".
Ukimwambia, "Basi, nitapita kesho,"
anafunga kibanda, anapanda baiskeli yake
hadi Chumbageni, kwa mshindani wake,
kukununulia nati ya shilingi mia mbili.
Mama husema hasara ya nyumba hii
inakanyaga pedeli.

Juu ya kabati, chini ya mkeka wa wageni,
kuna sanduku la bati, kijani cha jeshi.
Ndani, katika karatasi ya nta,
pete ya mpira na chuma, ndogo kuliko bangili ya mtoto.
Bado inanuka grisi. Lebo bado imeshika:
tarakimu kumi na tatu, herufi mbili,
na mwandiko wake: IMEPOKELEWA.

Alikuwa mtunza stoo wa ndege za kivita,
zile ndogo, nyembamba kama sindano ya magunia,
zinazoutangulia mlio wao wenyewe.
Ukiisikia, alituambia, imeshapita.
Unainua macho kule sauti inakotoka
na unatazama mahali patupu.

Fomu aliijaza mara nne.
Ya kwanza ilirudi kwa kukosa mhuri.
Ya pili mhuri ulikuwepo, fedha za kigeni hazikuwepo.
Ya tatu ilikaa chini ya kikombe cha mkubwa fulani;
baba aliliona duara la chai, kahawia,
juu ya namba ya ndege.
Ya nne ikaenda.

Luteni Chambuso alikuja dirishani asubuhi,
kofia kwapani, anatafuna muhogo wa kuchoma.
"Semhando, ile pete?"
"Hakuna, afande."
"Hakuna leo, au hakuna?"
Wakacheka wote wawili.
Mafundi wakaitoa ya zamani, wakaipangusa,
wakairudisha.

Meli ilitia nanga hapa Tanga
siku mbili baada ya arobaini.
Baba ndiye aliyetumwa bandarini kusaini.
Daftari lake lilikuwa na safu mbili,
imepokelewa, imetolewa.
Ya pili hakuijaza.

Jana nilijaribu kuivaa ile pete.
Iligoma kwenye kifundo cha kidole gumba.
Baba alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi.
Hakufoka. Alifuta vumbi la kifuniko kwa kiganja,
akasema, "Hiyo ina mwenyewe,"
akatoka,
maana nje kulikuwa na mtoto anaulizia valvu,
na valvu zilikuwa zimekwisha,
na tayari alikuwa anajipapasa mifukoni
kutafuta ufunguo wa baiskeli.