Mwanya wa Bi Mkasi

Chuoni walitupa picha arobaini,
midomo mitupu, imekatwa chini ya pua,
tukaambiwa: toeni alama, sifuri mpaka kumi.
Ufizi ukichungulia zaidi ya milimita tatu, punguza.
Mstari wa kati ukienda upogo, punguza.
Mwanya, punguza mbili.
Nikapunguza. Nilikuwa mwanafunzi hodari.
Sikuuliza nani alikuwa akimchekea nani.

Sasa niko Wete, chumba cha pili kushoto,
feni inanung'unika,
na dawa ya kuzibia inanukia karafuu,
hata wagonjwa husema, kwako kama uani kwetu,
kisha hushika mikono ya kiti.

Bi Mkasi Faki hana jino hata moja.
Nimempangia sita ya mbele kwenye nta kama nilivyofunzwa,
bega kwa bega, kama safu ya swala.
Nampa kioo.
Anatazama. Anakigeuza, anatazama mgongo wake,
kama kuna mtu kajificha huko.

"Na mwanya wangu umeutia wapi?"

Ulinganifu, nasema. Kweli nililitumia neno hilo.

"Miye sikujia huo.
Nimeolewa na mwanya, nimeachwa nao, nikaolewa tena nao.
Mate ya tambuu nikiyapitisha hapo yakavuka ua.
Mjukuu wangu Sabiha anao:
wakimuuliza kautoa wapi, aoneshe nani?"

Nikapasha kisu kwenye taa ya spiriti,
nikayasogeza mawili ya kati unywele mmoja.
"Bado."
Nyuzi mbili.
"Bado, mwanangu, usifanye choyo."
Mpaka ikapita ncha ya kalamu yangu nyekundu.

Fundi wa Unguja akayarejesha kwa meli,
yamebanana, na kikaratasi:
Dokta ulikosea, nimekusahihishia.
Yakaenda tena, yakarudi tena. Mwezi mzima.

Leo kayavaa.
Katoka, kakaa benchini kati ya watu wenye mashavu yaliyovimba,
mmoja kasema jambo, sikulisikia,
naye akacheka.
Nami mlangoni, mazoea ni ugonjwa, nikaanza:
ufizi milimita nne, mstari upogo, mwanya—
hapo hesabu ikanipotea.
Ulimi wangu ukaenda wenyewe, mbele, juu,
pale mwaka wa tatu mwenzangu Zuwena aliponiziba bure,
kwa ajili ya mtihani wake.
Alipata kumi.