Inaandaa Vivuli

Uyole, mwezi wa sita, alfajiri.
Ukungu umeshuka Uporoto ukakaa barabarani.
Mti hauna kivuli, nguzo haina, mimi sina,
na kompyuta yangu inasema:
Inaandaa vivuli. Asilimia nne.

Tangu usiku wa manane.

Nimetoa magunia mawili ya viazi kulinunua gemu hili,
tena si lumbesa, magunia ya haki yaliyopita mizani.
Nililionja kwanza Kabwe, bandani kwa Asukile,
mia tano nusu saa, kwenye mashine yake ya runinga.
Kule farasi anateleza kama maji ya Kiwira,
mvua ya mle ndani unaisikia mpaka magotini.
Nikasema, na mimi nitampanda kwangu,
bila mtu kunigonga bega: Tumwimbe, muda umeisha.

Haya. Juzi vivuli vilifika mia.
Farasi akatokea.
Akapiga hatua. Akasimama. Akafikiri.
Mpanda farasi alikuja meno kwanza,
uso ukafuata baadaye.
Jambazi akanichoma mkuki kabla hajafika,
na skrini, kwa upole, ikanishauri:
Bonyeza pembetatu ujikinge.

Pembetatu!
Nimeipekua kibodi yote.
Nimepata makombo ya andazi, unywele wangu mmoja,
na Q, ambayo Kiswahili hakijawahi kuituma dukani.
Nilikufa naitafuta.

Na mashine yangu si mbovu, jamani.
Nimeiunga mwenyewe, kipande kwa kipande,
kadi ya picha ilipanda basi kutoka Tunduma
imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga.

Asukile kwenye simu: Punguza ubora.
Nikapunguza nyasi. Nikapunguza majani, mawingu,
nikapunguza mvua, nikapunguza watu sokoni,
dunia ikabaki kama shamba baada ya mavuno
na farasi bado anafikiri.
Basi pakua sasisho, anasema.
Sasisho ni gigabaiti arobaini na mbili.
Hiyo ndiyo lumbesa yenyewe, na bando langu ni baiskeli.
Nikilizima nikaliwasha, vivuli vinaanza upya,
kama hatujawahi kuonana.

Mama ameamka. Yeye ni fundi, ana cherehani Mwanjelwa,
kazi yake ni makoti ya mtumba
yaliyoshonwa kwa mabega ya watu asiowajua.
Ameniuliza nalia nini. Nimemweleza:
gemu lilitengenezwa kwa mashine nyingine,
wakalileta huku kwenye kompyuta hivyo hivyo.
Akaweka pini mdomoni, akalitazama lile farasi.
Hawakupima, akasema. Wamehamisha vifungo tu.

Nikachukua daftari la mahesabu ya viazi,
nikawaandikia, kwa adabu:

Mafundi wa gemu hili, salamu toka Uyole,
Nilitoa pesa kweli, si za kuokota kule,
Koti la mtu wa mbali, mikono hadi vidole,
Rudini mpime hali, au rudisheni zile.

Sijaituma. Sijui wanakaa wapi,
na huenda huko walipo hakuna baridi.

Asilimia kumi na moja.
Feni inavuma kama mashine ya kusaga ya Igawilo.
Upepo wake ni wa moto, wa moto kwelikweli,
ndio joto pekee ndani ya nyumba hii.
Mama amelisogeza beseni la unga wa maandazi
likae ubavuni mwa kompyuta, kalifunika kitambaa.

Usiizime, anasema, mpaka uumuke.