Magamba ya Sato

Ndoo ya magamba niliiomba Mwaloni,
nikayaosha kwa Foma mara tatu; bado yananuka.
Gundi ni uji wa muhogo. Karatasi, maboksi ya biskuti.
"Tutengeneze samaki," nikawaambia darasa la pili, Igogo.

Sitini na wanane wakainama.
Lugoye kajibandika moja kwenye jino.
Samaki wakatokea: mwenye miguu, mwenye miwani,
mwingine mkia mbele, anarudi kinyumenyume Ukerewe.

Nkwimba hakutengeneza samaki.
Alichora mkono mmoja, mnene, akaujaza magamba
hadi kiwikoni.
"Mama akirudi kazini," alisema, "anakuwa hivi."

Nilikuwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia.
Ikabaki mfukoni,
uji ukiikaukia.