Mkia wa Kerezo

Nililinunua Gikomba, kwa kilo, kama chuma chakavu:
kerezo lenye kichwa na kitanda na kutu,
bila mkia.
Muuzaji akaapa mkia uliibwa usiku wa kuamkia jana.
Nikalipa. Tukalipakia mkokotenini watu wanne,
na kule Kayole mwenye nyumba akauliza
kama hiyo kitu nayo italipa kodi.

Okumbe wa mlango wa tatu akacheka:
"Aliyekula ng'ombe mzima hashindwi na mkia."
Ng'ombe ninaye, Okumbe. Mkia ndio sina.

Jaribu kukereza chuma kirefu kilichoshikwa upande mmoja.
Karibu na kichwa kinatii.
Ukielekea mwisho kinaanza ukaidi,
kinatetema, kinapiga mayowe, kinakwepa kisu,
na ukizima ukapima
ncha ni nene kuliko shina.
Syombua alitaka rola mbili za kukamulia miwa,
inchi kumi na nne, za kibanda chake cha Mutindwa.
Nikampa marungu mawili.
Akayageuzageuza. Akasema yatafaa kwa wezi.

Basi nikachora, nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Nikachonga mfano kwa mche wa sabuni,
nikaukalisha kitandani:
umetulia kama kuku anayeatamia.
Seremala akaunakili kwa mtarakwa,
Kariobangi wakauzika mchangani, wakautoa,
wakajaza pengo lake kwa pistoni za magari yaliyokufa.
Arobaini na moja. Nilizihesabu
zikilegea motoni, moja baada ya nyingine.

Kisha ile hila niliyoipenda kuliko zote:
mkia utobolewe na kichwa chenyewe.
Kisu kinazunguka pale pale kilipo,
nami nausogeza mkia kitandani, unywele kwa unywele,
ili tundu lizaliwe likimtazama mwenzake.
Siku tatu, kwa ajili ya stima.
Bomba likaingia kwa mafuta na matusi kidogo,
nyuma yake parafujo, na gurudumu la mkono
la cherehani ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua.

Mtihani ni wembe.
Unakutanisha ncha mbili, ya kichwa na ya mkia,
unaufinya wembe katikati, unauachilia.
Ukisimama wima, zimeonana.
Ukiinama, mojawapo inakudanganya.

Wangu uliinama.

Nililala na aibu hiyo. Saa tisa usiku nikaamka naijua:
nilizikwangua nyayo za mkia baada ya kutoboa.
Kwanza hukwanguliwa, ndipo hutobolewa.
Nilikuwa nimeushusha mwenyewe, kwa mkono wangu,
unene wa karatasi ya kusokotea sigara.

Nikawasha taa. Nikaichana pakiti ya majani ya chai,
ile ngozi ya ndani inayong'aa,
nikaitandika chini ya nyayo. Bado.
Nikaikunja.
Wembe ukasimama kama askari aliyesikia wimbo.

Syombua alinikuta sakafuni, nautazama tu.
Akauliza majani ya chai yako wapi.
Yalikuwa kiatuni mwangu, kile cha kushoto.

Mkia hauzunguki. Haukati chochote.
Mgeni akija anasifu kichwa, anasifu mota,
anauliza hicho kinachokaa tu kule mwisho ni cha nini.

Rola ya kwanza ikatoka sawa, huku hadi huku.
Ya pili, nikapima mara tano, kwa kutoamini.
Nilipolegeza gurudumu, ncha ilikuwa na joto
la kikombe ulichokwisha kunywa nusu.
Nikaitia tone la mafuta.

Syombua akaipitisha kidole rola yake, akakwama mwishoni:
"Na hili shimo?"
Dogo, la mviringo, kama kitovu.
Hapo, nikamwambia, ndipo iliposhikwa.