Kurasa za Nyuma

Ni daftari la chama, kaunta buku lenye jalada jekundu.
Mbele kuna majina, kilo, idadi ya magunia.
Msimu ulipofungwa nikapewa lililobaki;
kurasa za nyuma ni zangu,
Januari hadi Desemba, kwa kalamu tatu
na moja iliyovuja wakati wa masika.

Newala usiku huu inataka sweta mbili.
Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu
na kuingia ndani bila hodi.
Nje nimetega ndoo, sufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto,
maana huku maji ya bati hayaachwi yaende zake.
Kesho ni mwaka mpya. Nafungua.

Januari nilikuwa mtu mkubwa mno:
nitajenga, nitajifunza kushona,
nitaacha kumjibu mama kwa sauti.
Lo! Tofali arobaini na moja, zimeota nyasi.
Cherehani bado ni ya Somoe.
Na mama, hapo naweka alama ya kuuliza:
sijui nilinyamaza kwa adabu
au ni kwa kuwa alihamia Nanyamba kwa kaka.

Februari, hakuna kitu.
Machi nimeandika "njaa", nikafuta, nikaandika tena.
Juni, siku ya kupuliza salfa,
vumbi la manjano limekaa kwenye nyusi za Likwata
nami nimecheka hadi nikasahau ninadaiwa.
(Hii niiache. Hii ni ya kweli.)

Agosti, kurasa mbili zimegandana.
Nilidhani ni chai.
Si chai, ni uji wa muhogo,
nimebandika mwenyewe.
Nachukua wembe, nabandua polepole:

"Tarehe kumi na tisa. Nimemsaidia Bi Fatu Chitanda wa Mnyambe.
Mjukuu anaumwa. Nimempa elfu thelathini.
Atarudisha gunia moja msimu ukifika."

Nimemsaidia.
Tazama lilivyoandikwa vizuri,
herufi zimenyooka
kama mtu aliyechana nywele kwenda mahakamani.

Oktoba gunia lilikuja, kichwani kwa binti yake.
Karani mimi, msoma mizani mimi, mwenye mali mimi.
Kilo themanini na mbili.
Bi Fatu akasema, Mungu akuzidishie.
Wiki ile bei ya mnada ilipotangazwa
hesabu niliipiga kwa kidole, hewani,
isije ikabaki mahali.

Jambo hili lina jina, na hata watoto wa hapa wanalijua.
Kangomba.
Langoni mwa ghala kuna bango la kuikataza,
wino wa bluu, mstari umepigwa chini mara mbili.
Bango lile niliandika mimi.
Kwa mwandiko huu huu.

Nakata neno.
Siweki jingine haraka.
Umeme umekwenda, ukarudi, ukaenda;
nawasha simu, naiegemeza kwenye kikombe,
na pale juu ya neno lililokatwa
naandika, kwa herufi zinazotetemeka kidogo: nimempunja.

Basi, mwaka jana malengo yalikuwa kumi, yenye namba,
nikayapigia na mstari wa rula.
Safari hii rula iko uvunguni na itakaa huko.
Nina laki moja na kumi ndani ya kopo la maziwa.
Haitoshi, nusu ya haki yake haifiki.
Asubuhi, kabla ya chai, nitapanda pikipiki ya Mnyambe
niipeleke hivyo hivyo, pungufu,
na kilichobaki nikiandike mbele yake,
si humu,
kwenye daftari la shule la yule mjukuu,
yeye ndiye alishike, yeye ndiye alifungue
siku atakayotaka.

Huenda akanifukuza.
Huenda akaniwekea kiti, na hicho ndicho ninachokiogopa zaidi.

Sijui nitaandika nini kesho usiku.
Ukurasa upo.
Ngoja kwanza nikabadilishe ndoo, imefurika.