Kipi Kinakunywa Zaidi

Kutaisi, Machi, mvua siku ya nne.
Shule imefungwa kwa mafua.
Nutsa amepanga mezani visahani saba,
vile vya wageni, mama yake yuko zamu ya mikate,
na kila kimoja kina vijiko vitatu vya maji
yenye wekundu wa mizizi ya kuchemshia mayai ya Pasaka.

Washindani: sifongo, gazeti la juzi, karatasi ya jikoni,
ganda la mkate, karatasi inayong'aa ya chokoleti,
soksi ya sufu,
na jezi yangu ya mpira. Sikuombwa.

"Baba, usiguse. Ni sayansi."

Vakho, miaka minne, ndiye saa yetu.
Anahesabu hadi kumi na kila mara anairuka saba,
hivyo dakika za nyumba hii zina upungufu kidogo.

Karatasi ya jikoni yaanza. Wekundu unapanda
bila ngazi, bila mkono.
"Nani anayavuta?" Vakho anachungulia chini ya meza.
"Hakuna mtu. Ndani mna vijinjia vyembamba kuliko unywele.
Maji yakishika ukuta, yanawavuta wenzao."
Mkate unakunywa kwa pupa, kisha unasambaratika.
Ya chokoleti haina kiu.
Soksi inasitasita, imelowa ncha tu ya kidole.
Na juu ya jezi yangu, ya miaka kumi na miwili,
maji yamekaa kama shanga.
Jezi: sifuri, anaandika. Anapiga mstari chini. Mara mbili.

Saa tisa bomba la Jumberi, jirani wa juu, likapasuka.
Dari ikafanya tumbo. Tone. Uzi. Kamba nzima.
Nikanyakua kilichokuwa karibu
nikapiga magoti kufuta, nikawa nayasukuma tu maji
kutoka jiko hadi friji.
"Si hiyo!" Nutsa akalia. "Hiyo ilipata sifuri!"
Akanirushia taulo kuukuu la pamba,
ambalo hata halikuwa kwenye shindano.
Tukakamua ndoo tatu,
Vakho akihesabu, akiiruka saba.

Asubuhi Eteri alitaka visahani vyake.
Sita vilikuwa kama tulivyoviacha.
Cha soksi kilikuwa kikavu,
na soksi nyekundu hadi kisigino.
Hakuna aliyekumbuka kuisimamisha saa.

Nutsa akatafuta kifutio.
Alifuta ile mbili, akafikiri sana,
akaandika: bado inakunywa.